Neno la Pili

Watu wa mtaa wetu wanasema baba yangu ndiye aliyeuharibu mtambo wa umeme wa jiji. Wanasema alisikia mashine ikiguna akanyamaza, na kwa uzembe wake sisi wote tukabaki kubeba ndoo. Mimi bado nafanya kazi kwenye mtambo huo, na maneno hayo nikiyasikia dukani huwa nachukua sabuni yangu naondoka. Si kwamba sina la kusema. Ninalo, na ndilo hili.

Mtambo wenyewe si mkubwa. Ukipita barabarani unaweza kudhani ni ghala la shule: nyumba ya mawe yenye madirisha marefu na paa la bati, maji ya mto yanaingia upande mmoja kwa bomba kuu na kutokea upande wa pili. Ni mali ya jiji, maana yake ni kwamba ukitaka hata balbu ya chooni lazima uandike barua. Ndani mlikuwa na mashine tatu, na wazee waliotutangulia walizipa majina. Ya kwanza kufungwa ni Kifungua Mimba, ya mwisho ni Kitinda Mimba, na ile ya katikati, kubwa kuliko zote, ni Mama Mkwe, kwa sababu ukimpuuza hata siku moja anakuaibisha mbele za watu. Huyo ndiye aliyekuwa anaendesha pampu za maji za mitaa ya juu, mtaa wetu ukiwemo.

Baba alikuwa fundi mkuu. Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake, walimwita Sikio. Alikuwa anaweza kukaa ofisini na chai yake, akaweka kikombe chini na kusema, "Kuna kitu kimenasa kwenye wavu," na kweli mkienda kwenye wavu wa kuzuia takataka mnakuta tawi zima la mti. Mimi alinifundisha mwenyewe. Alinipa kipande cha nondo ambacho ncha yake moja ameilainisha kwa tupa, akaniambia niweke ncha kali juu ya beringi, ile laini niiweke sikioni, halafu nifumbe macho. Wiki tatu nzima sikusikia kitu zaidi ya kelele. Wiki ya nne nikasikia chini ya kelele zile kuna sauti moja imenyooka, haipandi wala haishuki, nikafumbua macho nikamkuta ananitazama anacheka.

"Umempata?"

"Nimempata, Baba."

"Basi umeajiriwa," akasema, ingawa barua ya ajira ilichukua miezi mingine sita kutoka jijini.

Kulikuwa na utaratibu ambao Baba aliuweka mwenyewe alipopewa ufundi mkuu, na kila asubuhi saa moja lazima ufuatwe. Mwendeshaji wa zamu anachukua nondo, anasikiliza mashine, anatamka neno lake kwa sauti na kuliandika kwenye daftari la zamu. Kisha fundi mkuu anasikiliza mashine ile ile, naye anatamka lake, linaandikwa pembeni. Maneno yalikuwa matatu tu. Anaimba, maana yake mzima. Anaguna, beringi imeanza kulika. Anakohoa, funga maji ukimbie. Maneno mawili yakipishana, mashine inazimwa, hata kama mji mzima unapiga simu. Na mdogo ndiye anayetangulia kusema, makusudi, ili asije akamwogopa mkubwa na kumwigiza. Baba alijivunia sana kipengele hicho. Mkubwa kumwigiza mdogo, hilo halikumpitia mtu yeyote akilini.

Tulisikiliza kwa masikio kwa sababu hatukuwa na kingine. Geji ya joto ya Mama Mkwe ilikwama kwenye sitini miaka mingi iliyopita, na ombi la geji mpya lilikuwa kwenye faili jijini, linazeeka vizuri tu.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Baba, tangu Mama atutoke. Jumapili moja niliingia jikoni nikakuta bomba la sinki liko wazi kabisa, maji yanamwagika mpaka sakafuni, na Baba amekaa hatua mbili tu kutoka hapo, ameligeuzia mgongo, anamenya chungwa. Mtu huyu alikuwa anaamka kitandani kwa ajili ya tone moja la bomba! Nikasimama mlangoni nyuma yake.

"Baba," nikasema. Kisu kikaendelea kuzunguka kwenye chungwa. "Baba, nyumba inaungua."

Akatoa ganda lote bila kulikata, akaliweka kwenye sahani, akachukua chungwa lingine.

Nilifunga bomba, nikaenda kukaa mbele yake. Aliponiona nimelowa miguu aligeuka akaangalia sinki, kisha sakafu, kisha mimi, na hakuna aliyehitaji kueleza kitu. Miaka thelathini na nne ya kusimama katikati ya mashine tatu ilikuwa imemnyang'anya masikio, taratibu, na kule kazini hakuna aliyegundua kwa sababu kwenye kelele zile sote tulikuwa tunasema kwa mikono na kusomana midomo. Kama kuna mahali kiziwi anaweza kujificha, ni kwenye mtambo wa umeme.

"Tangu lini?" nikamuuliza, polepole, ili midomo yangu ionekane vizuri.

"La kushoto muda mrefu. La kulia lilifuata mwaka jana." Akafuta kisu kwenye suruali. "Miezi kumi na minne tu, mama. Imebaki miezi kumi na minne nistaafu. Niache nitoke kama watu."

Kutoka kama watu, kwa Baba, kulikuwa na maana moja. Kwenye ukuta wa chumba cha swichi kuna picha za mafundi wakuu wote waliostaafu, saba, kila mmoja amevaa tai ya kuazima. Nafasi ya nane ilikuwa tupu na msumari wake ulishapigwa. Nikijua ninachofanya, nikamwambia sawa.

Kuanzia hapo niligeuka sikio lake. Mwenzangu wa zamu alikuwa na masharubu yaliyoufunika mdomo wote wa juu, hata akila ilikuwa kazi kujua chakula kimepitia wapi, na Baba alikuwa hawezi kumsoma hata kidogo. Nikabadilishana naye, nikajitwika asubuhi zote, kila siku, na yeye akanishukuru akidhani namwonea huruma. Kila asubuhi saa moja nasikiliza, namgeukia Baba, natamka neno kwa midomo mipana. Anaimba. Naye anaweka nondo sikioni, anafumba macho, anasubiri muda ule ule aliokuwa akisubiri siku zote, kisha anasema, "Anaimba." Naandika neno la kwanza na neno la pili. Mpaka grisi wetu, yule wa kulainisha mashine, alikuwa anasimama pembeni na kopo lake anatikisa kichwa kwa heshima. "Sikio hili halizeeki," alikuwa anasema.

Na mimi sikukosea, jamani. Miezi tisa sikukosea hata mara moja. Siku moja nilisema Kitinda Mimba anaguna, Baba akasema anaguna, tukamfungua tukakuta beringi imeanza kubadilika rangi. Jiji likatuandikia barua ya pongezi. Niliisoma barua ile nikacheka peke yangu, nikaanza kuamini kwamba tunaweza kufika.

Mwezi wa kumi wa siri hiyo nikapata mafua. Si mafua ya kulala kitandani, ni yale ya kawaida ya kubeba kitambaa mfukoni, ila masikio yaliziba yote mawili. Mtu mwingine yeyote angeisikia sauti yangu ya puani na kuniuliza. Baba aliona tu midomo, na midomo haikuwa na mafua.

Asubuhi hiyo nilianza na Kifungua Mimba, nikasikia kwa mbali, lakini nikasikia. Nikaenda kwa Mama Mkwe. Nikaweka nondo. Ilikuwa kama kusikiliza kupitia godoro. Nikabadilisha sikio, ikawa vile vile. Nikafumba macho, nikangoja ile sauti iliyonyooka ije, haikuja, wala haikuja sauti nyingine. Na hapo nikafikiria jambo ambalo mpaka leo sielewi lilitoka wapi. Nilifikiria: si kitu, Baba yupo, atasikia mwenyewe.

Nilimsahau, yaani. Kwa sekunde hiyo moja nilisahau kwamba ni kiziwi. Tangu utoto wangu sikio lake ndilo lililokuwa nyuma yangu kwenye kila kitu, na miezi tisa ya kujifanya haikutosha kuling'oa. Nikamgeukia, nikasema, "Anaimba."

Alinitazama midomo. Akachukua nondo, akafumba macho, akangoja.

"Anaimba," akasema.

Nikaandika yote mawili. Nilikumbuka nikiwa tayari nimefika kwa Kitinda Mimba, nikasimama. Nikaangalia nyuma. Mama Mkwe alikuwa anazunguka kama kawaida, mpaka grisi anafuta mikono kwa tambara. Ningeweza kurudi kuomba azimwe, lakini ningeeleza nini? Nikajiambia jana alikuwa mzima, na mafua yakipungua mchana nitamsikiliza tena.

Saa tatu na nusu beringi iliungua. Harufu ndiyo iliyotangulia, kisha moshi, kisha shafti ikashuka kidogo tu, upana wa kidole, na hiyo ilitosha kwa mapanga ya ndani kuanza kukwangua ganda la chuma. Mlio ule niliusikia hata na mafua yangu. Mpaka grisi alikimbia akaacha kiatu kimoja, halafu, mwungwana yule, akarudi. Lango la maji letu linafungwa kwa mkono, gurudumu la kuzungusha mara arobaini na mbili, tukalishika wawili tukazungusha huku vipande vinaruka. Baba alikuwa mezani upande wa pili, ametugeuzia mgongo, anajaza fomu. Aligeuka sakafu ilipomtikisa miguu. Hakukimbia. Alikwenda mpaka kwa Mama Mkwe, akaweka kiganja ubavuni mwake, akasimama hivyo mpaka mashine ilipotulia kabisa. Nilipomfikia nikaona ganda limepasuka kutoka juu mpaka chini.

Jiji lilituma watu watatu kutuhoji. Mhandisi wa jiji, mama mmoja wa ofisi ya utumishi, na karani wa kuandika. Walikaa kwenye chumba chetu cha kulia chakula, daftari la zamu limefunguliwa mbele yao. Baba alikuwa amevaa koti. Alichagua kiti kilichomwelekea mhandisi, mwanga wa dirisha ukimpiga mhandisi usoni, na mimi nikakaa kando yake. Usiku uliopita nilikuwa nimeamua. Ningesema yote, kwamba hasikii, kwamba nilijua, kwamba nilimficha. Yeye wangemstaafisha kwa ugonjwa, na mimi wangenifukuza, na ningekuwa nimestahili.

Hawajauliza hata swali moja, Baba akaanza.

"Waheshimiwa, niwapunguzie kazi. Nilisikia anaguna."

Mhandisi akainua uso kutoka kwenye daftari.

"Binti yangu alisema anaimba. Sikio lake bado changa, si kosa lake. Kazi yangu ilikuwa kumsahihisha. Nikaona mitaa ya juu wanahitaji maji, nikaona Mama Mkwe atafika jioni, nikaandikisha anaimba. Ni mimi."

"Mzee," mhandisi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeombwa kufanya kitu kibaya, "wewe? Ulisikia, na ukaacha?"

"Nilisikia."

Nikafungua mdomo. Chini ya meza kiatu cha Baba kikaukanyaga mguu wangu, kwa nguvu, na macho yake hayakutoka kwa mhandisi. Nikaufunga. Mtu anaweza kusema hata akiwa amekanyagwa mguu. Watu wanasema. Mimi nilifunga mdomo kwa sababu sehemu fulani ndani yangu ilishukuru, na hiyo ndiyo sehemu ninayoichukia.

"Una lolote la kuongeza, dada?" mama wa utumishi akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

Walimwachisha kazi wiki ile ile, ikiwa imebaki miezi minne. Picha haikupigwa. Mpaka grisi aling'oa ule msumari wa nane kwa koleo bila kutumwa na mtu, alisema unamkera. Mimi walinipa onyo la maandishi na wakaniacha kazini. Mama Mkwe hakutengenezwa. Wanasema yuko kwenye bajeti, kama ile geji. Mitaa ya juu ikaanza kupata maji siku moja na kukosa siku mbili, na foleni ya ndoo kwenye bomba la bondeni inapita mbele ya mlango wetu.

Baba alikuwa anapenda kukaa hapo barazani asubuhi. Wanawake wenye ndoo walipita wakimsalimia kwa kichwa, kisha hatua tatu mbele wanasema, tena bila kupunguza sauti, "Ndiye huyo. Alisikia akanyamaza. Sikio gani lile?" Yeye aliwajibu salamu kwa kuinua mkono. Hakusikia kitu. Mimi nilikuwa ndani nafunga viatu vya kazini, nikisikia kila neno.

Nilivumilia miezi kumi na moja. Kisha nikaandika barua kwa mhandisi wa jiji, kurasa mbili, nikaeleza tangu lile bomba la jikoni mpaka kile kiatu chini ya meza. Ilikuwa na ukweli wote isipokuwa mmoja. Mafua sikuyaandika. Kabla ya kuipeleka nikampa Baba aisome, alasiri, mezani, baada ya kula.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja, akaikunja tena, akaiweka chini ya sahani yake.

"Usiipeleke."

"Baba, wanakutukana. Kila siku. Husikii wanavyokutukana."

"Najua wanavyonitazama, inatosha." Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa kama viziwi wanavyoongea, nikainuka nikafunga dirisha. "Sikiliza, mama. Wanasema nilisikia nikapuuza. Sawa. Lakini wanasema nilisikia. Ukipeleka hiyo, watasema Sikio alikuwa kiziwi, anadanganya na nondo, na watayafungua madaftari yote ya nyuma waulize ni lini hasa nilianza kutosikia. Hiyo siwezi. Kuitwa mbaya nimeshakuzoea. Niachie nilichobaki nacho."

Nilikuwa nimefikiri alijitoa kwa ajili yangu, na nilikuwa nimembeba mgongoni kwa deni hilo, kumbe nusu yake alikuwa anajisitiri mwenyewe. Nusu nyingine bado ilikuwa yangu. Nikaanza kukusanya vyombo.

Akanishika mkono.

"Kitu kimoja nataka kukuuliza, nimekaa nacho muda mrefu. Beringi haifi ghafla. Huguna saa nyingi, hata usiku mzima, kabla ya kuungua. Na sikio lako nalijua, nimelitengeneza mimi." Akainama mbele kidogo, macho yake yakashuka kwenye mdomo wangu. "Siku ile, ulisikia nini?"

Ningeweza kumwambia aliimba. Angeamini. Angeamini kwamba Mama Mkwe alituzunguka wote wawili, kwamba hakuna binadamu ambaye angeweza kugundua, na angelala vizuri. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema hivyo. Nadhani nilichoka kumtamkia maneno ya uongo kwa midomo mipana.

"Sikusikia kitu," nikasema. "Nilikuwa na mafua, masikio yameziba. Nilisema anaimba ili nisikie wewe utasemaje."

Hakusogea. "Rudia."

Nikarudia, polepole, neno kwa neno, machozi yakinifikia kidevuni. Nilimwona akisoma. Nilimwona akifika kwenye mafua, akafika kwenye neno wewe, akasimama hapo. Mkono wake ukauachia mkono wangu. Akaitoa ile barua chini ya sahani, akanirudishia, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango taratibu.

Kesho yake aliamka kama kawaida. Alikunywa chai, akaniambia bawaba ya mlango wa nyuma inahitaji skrubu, akaitengeneza mwenyewe. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine, na barua niliichana kwa sababu ndivyo alivyotaka. Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili zaidi. Kila nilipotoka kazini nilikaa mbele yake nikamweleza habari za mtambo, Kifungua Mimba amefanya nini, jiji limeandika barua gani. Alikaa, alitikisa kichwa kwa adabu, na macho yake yalikuwa mezani, au mikononi mwangu, au dirishani. Mdomo wangu hakuutazama tena.